Bi Mdogo wa Kiwanda cha Mbao

Kwanza ieleweke kwamba Mama Mapacha hakwenda kupekua mifuko ya mumewe. Watu wamesema mengi, lakini hilo hapana. Alikuwa anafua. Jumapili asubuhi, ndoo mbili, sabuni, na ovaroli ya kazini inayonuka grisi, na ovaroli hiyo lazima ikaguliwe kabla haijatiwa majini, maana wiki mbili nyuma bisibisi iliyosahaulika mfukoni ilimchana kiganja. Safari hii mkono haukutoka na bisibisi. Ulitoka na daftari dogo la bluu, limekunjwa katikati, jalada limeloa mafuta ya mashine.

Angeliweka dirishani tu yaishe, jamani. Lakini lilifunguka ukurasa wa mwisho ulioandikwa, na mwandiko wa mumewe ulikuwa mkubwa, wa duara, kama wa mwanafunzi wa darasa la nne.

"Jumamosi. Bi Mdogo. Nilivyomkuta: 900, analalamika, mzigo kidogo tu anakata. Nilivyomwacha: 1200, ametulia, anabeba vizuri. Bi Mkubwa: 600. Sijamgusa. Umri umekwenda, tumwache alivyo. Jumatano kwenda kumtazama Bi Mdogo, M. 14 nyuma ya kiwanda cha mbao."

Akasoma mara moja. Akasoma tena. Akageuza ndoo tupu akaikalia, povu linamkauka mikononi, akasoma mara ya tatu polepole kama anayesoma hukumu yake mwenyewe.

Miaka kumi na saba ya ndoa, mapacha wako bweni kidato cha pili, na mume ambaye nyumbani ana maneno matatu tu: ndiyo, hapana, na chumvi. Kumbe maneno yote anayapeleka kiwanda cha mbao! Na hesabu ilikuwa pale pale, nyeusi juu ya nyeupe. Mwenzake elfu moja na mia mbili, yeye mia sita. Mwenzake ametulia, yeye hajaguswa. Umri umekwenda.

"Umri umekwenda," alisema kwa sauti, peke yake uani. "Mimi?"

Ovaroli ilibaki bila kufuliwa. Daftari likaingia kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo na zipu, na droo ikafungwa kwa ufunguo.

* * *

Mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa wifi yake, dada wa Baba Mapacha, mwenye saluni mlango wa tatu kutoka pale. Kabla hata hajafika, Mama Mapacha alikuwa ameshaupiga ukurasa picha na kumtumia kwa simu, na chini yake ameandika: "Wifi, ndugu yako ameoa."

Wifi alikuwa anamsuka mteja. Akaitazama simu, akacheka mpaka chanuo likamtoka.

"Kaka yangu? Kaka yangu huyu anayelala saa mbili na soksi?"

"Cheka. Wewe ni wa kwao, lazima ucheke."

"Wifi, sikiliza. Kuoa mke wa pili ni kazi. Yule mmoja tu anamshinda."

"Nani anamshinda?"

"Sijasema wewe. Nimesema kazi." Wifi akaifuta simu kwa kanga, akaisoma upya, na safari hii kicheko kilipungua. "Lakini hii 'sijamgusa'... hii kaiandika kwa nini?"

"Niulize mimi."

"Ni kweli hajakugusa?"

Mteja mwenye nywele nusu zilizosukwa alinyoosha shingo asikie vizuri. Mama Mapacha akanyamaza. Hicho kimya kilimjibu wifi kila kitu, na kikamjibu mteja pia, na kufika jioni kilikuwa kimeujibu mtaa mzima.

Wakakubaliana. Jumatano watakwenda wenyewe huko M. 14, yaani mlango namba kumi na nne, nyuma ya kiwanda cha mbao. Mpaka siku hiyo, Mama Mapacha asiseme kitu. Apike, atabasamu, atazame. Mwanamume akishtuka mapema, alisema wifi, anahamisha ushahidi.

* * *

Jumatatu saa moja kasoro jioni umeme ukakatika. Haukukatika mtaa tu. Ulikatika mji mzima, na miji mingine miwili, hospitali, mashine za maji, na zile taa za barabarani zinazowaka hata mchana. Ukarudi kesho yake asubuhi kwa mgao, kwa aibu, kama mgeni aliyechelewa.

Hapa inabidi kazi ya Baba Mapacha ielezwe, maana mtaa haukuwahi kuielewa. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa mita. Mwaka mmoja uliopita alihamishiwa kitengo kinachoitwa Ulinzi. Watu waliposikia ulinzi, wakajua ameshushwa cheo, amekuwa askari wa getini, wakampa pole. Wifi mwenyewe alimnunulia tochi.

Ulinzi huo ni wa laini. Zile laini kubwa za minara ya chuma zinazoleta umeme kutoka mbali, kila moja ina kisanduku chake kwenye kituo cha umeme, kinaitwa rilei. Rilei inaitazama laini usiku na mchana. Mafundi wanaipa namba: mzigo ukipita hapa, kata. Ukiipa namba ndogo, inakata laini isiyo na kosa. Ukiipa kubwa mno, inaiacha laini inaungua huku inaitazama. Kazi ya Baba Mapacha ni hizo namba. Kila akigusa kisanduku, anajaza fomu yenye safu mbili, Nilivyokuta na Nilivyoacha, na kwa kuwa haamini makaratasi ya ofisini, anaandika pia kwenye daftari lake, msimamizi wa zamu akasaini chini.

Jumatatu ile jioni namba zilizokutwa kwenye visanduku viwili vya laini mbili zinazoulisha mji zilikuwa si zenyewe. Na fundi wa mwisho kuvigusa, kwa kila mtu anavyojua, alikuwa yeye.

* * *

Jumanne saa sita mchana alirudi nyumbani. Mama Mapacha alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule, akamwona mumewe anapita mlangoni bila ile kamba ya kitambulisho shingoni. Tangu ahamie kitengo hicho alikuwa hata kulala anaivua mwisho.

"Mbona mapema?"

"Wamenisimamisha."

Kwake neno hilo moja lilikuwa hotuba, lakini akaendelea. "Wamechukua kitambulisho. Getini askari kaniandikisha kwenye kitabu cha wageni ili nitoke. Nitoke! Kesho saa nane wananiweka kwenye kamati. Daftari langu la bluu liko wapi?"

Mguu wa Mama Mapacha ukasimama juu ya kanyagio.

"Daftari gani?"

"La bluu. Lilikuwa kwenye ovaroli."

"Mimi sijaona daftari."

Akaanza kutafuta. Akainua godoro, akamwaga kikapu cha nguo chafu, akapiga magoti akachungulia chini ya kabati. Mwanamume wa miaka arobaini na sita, makalio juu, anapapasa vumbi. Mkewe alikaa pale pale kwenye cherehani, droo ikimgusa goti, anamtazama. Alitazama jinsi jasho linavyomtoka. Mtu hatoki jasho hivyo kwa ajili ya namba, aliwaza. Mtu anatoka jasho hivyo kwa ajili ya mtu.

"Kuna nini kwenye hilo daftari mpaka unahangaika hivyo?"

"Kazi."

"Kazi tu?"

"Mama Mapacha, fomu niliyojaza haionekani. Nilimpa Injinia Tai mkononi, anasema hajaipokea. Bila lile daftari mimi nimekwisha. Watasema nimefanya kusudi. Polisi wameshatajwa."

Injinia Tai ndiye mkuu mpya wa kitengo, ana miezi minne tu pale. Jina lake hakuna anayelitumia. Anavaa tai hata akienda kukagua kituo juani, ndiyo maana.

"Basi mwombe Mungu ulione," alisema Mama Mapacha, na akakanyaga cherehani, trrrrr, mshono ukaenda upande.

Jioni ile majirani walipita. Mmoja alikuja na mfuko wa nyama iliyoharibika kwenye friji, akautundika kwenye geti lao kama zawadi. Watoto wa mtaani walishampa jina: Baba Giza. Mama Mapacha aliutoa ule mfuko kwa vidole viwili, akaenda kuutupa, na kila hatua akisikia vicheko. Wifi akapita uchochoroni kumnong'oneza.

"Amelitafuta?"

"Amepindua nyumba."

"Umeona? Mtu asiye na la kuficha hapindui nyumba." Kisha wifi akasita. "Lakini wifi, kama kweli ni la kazi?"

"Kazi gani ina Bi Mdogo?"

Ndani, Baba Mapacha alikaa kwenye kiti bila kuwasha taa, ingawa siku hiyo umeme ulikuwepo.

* * *

Jumatano asubuhi wanawake wawili walishuka nyuma ya kiwanda cha mbao, wamejifunga kanga viunoni, wifi kavaa raba kwa ajili ya lolote. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wa Mama Mapacha. Kulikuwa na vumbi la randa, harufu ya mbao mbichi, na nyumba tisa tu kwa kuhesabu. Hakukuwa na mlango namba kumi na nne.

Walimwuliza mama mmoja anayeanika nguo. "Samahani, dada, tunamtafuta Bi Mdogo."

"Bi Mdogo wa nani?"

"Ndiyo tunataka kujua," alisema wifi.

Yule mama akawatazama raba na kanga, akaelewa aina ya ziara, akaingia ndani akafunga mlango. Wa pili akasema hamjui. Wa tatu, mzee anayechonga mpini, akafikiri kidogo akanyoosha kidole kwenye uwazi nyuma ya nyumba, walipokuwa mafundi watano wenye kofia ngumu. "Waulizeni wale. Tangu jana wanamtaja taja huyo."

Mpaka mafundi wanamjua! Kumbe ni yeye tu asiyejua. Mama Mapacha akatembea kwa hasira mpaka kwa aliyeonekana mkubwa wao, mwanamume mwenye kamba begani.

"Wewe! Bi Mdogo yuko wapi?"

Fundi wa laini akashangaa. "Unasimama chini yake, mama. Sogea, si salama hapo."

Wakatazama juu wote wawili. Juu yao mnara wa chuma, mrefu, miguu minne, na kwenye mguu mmoja kibao cha njano: M 14. Nyaya nene zilipita juu zikaenda mpaka zikapotea.

"Huyu?" alisema wifi.

"Huyu ndiye Bi Mdogo, laini mpya. Na yule kule," akaonyesha mnara mwingine mbali kidogo, mwembamba, wenye kutu, waya umekatika na kuning'inia juu ya mti uliobabuka, "ni Bi Mkubwa. Laini ya kwanza kujengwa. Masikini, Jumatatu mwenzake kakata mapema bila sababu, mzigo wote ukamwangukia yeye. Naye rilei yake haikukata. Akabeba, akabeba, waya ukalegea kwa joto mpaka ukafika mtini."

Mama Mapacha alifungua mkoba, akatoa daftari, akausoma ule ukurasa upya pale chini ya mnara. Analalamika, mzigo kidogo tu anakata. Ametulia, anabeba vizuri.

"Mzigo," alisema kwa sauti ndogo. "Hii mia sita ni umeme."

"Mlitaka iwe nini?" Fundi akalichungulia daftari, na uso ukambadilika. "Hili si la Baba Mapacha? Mama, leo saa nane wanamkaanga! Amekuwa akimpigia simu kila fundi, analitafuta. Mmelitoa wapi?"

Wifi akatazama raba zake.

* * *

Walipanda pikipiki moja wawili, Mama Mapacha katikati, daftari amelishika kifuani. Saa nane na robo. Getini askari akawasukumia kitabu cha wageni. Kwenye safu ya "Sababu ya kuja" Mama Mapacha alisita, kisha akaandika: kurudisha.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu na feni isiyozunguka. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja kutoka makao makuu, miwani imefungwa kamba. Kushoto kwake Injinia Tai, kompyuta mbele yake. Baba Mapacha alikuwa amewekwa kwenye kiti cha plastiki, chini kuliko viti vya wengine, mikono mapajani kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Alikuwa ameshaulizwa mengi. Kompyuta ilionyesha mtu wa mwisho kubadili namba ni mtumiaji anayeitwa FUNDI. Fundi ni nani? Fundi ni sisi sote, alijibu, nywila ni moja, imebandikwa ukutani juu ya kompyuta. Namba zilibadilishwa lini? Haijulikani, saa ya mtambo ilipotea umeme ulipokatika. Msimamizi wa zamu aliona? Msimamizi alisaini, namba hakuzitazama. Kila jibu lilikuwa kweli, na kila jibu lilizidi kumfanya aonekane mwongo.

Mlango ukafunguliwa. Baba Mapacha alimwona mkewe na vumbi la randa nywele nzima, na kitu cha bluu mkononi mwake.

"Shikamoo mwenyekiti," alisema Mama Mapacha. "Samahanini. Nimeleta daftari."

Mwenyekiti alilipokea, akasoma, akaita namba kwa sauti. Bi Mdogo 1200, Bi Mkubwa 600, saini ya msimamizi wa zamu, Jumamosi. Akatazama karatasi ya Injinia Tai. "Na zilizokutwa Jumatatu ni kinyume chake. Bi Mdogo 600, Bi Mkubwa 1200."

"Mheshimiwa," Injinia Tai akalegeza tai kidogo, "kwa heshima zote. Daftari la nyumbani, linaletwa na mke, siku mbili baada ya tukio. Mtu anaweza kuliandika leo asubuhi, saini akaiomba kwa rafiki."

"Ni kweli," alisema mwenyekiti, na akavua miwani. "Mama, daftari hili lilikuwa wapi?"

Wanaume watano wanamtazama. Baba Mapacha pia anamtazama, na macho yake ndiyo yalikuwa mazito kuliko yote.

"Kwenye droo yangu. Nililichukua Jumapili asubuhi."

"Kwa nini ulilichukua?"

"Niliona..." Akalitazama daftari mkononi mwa mwenyekiti. "Niliona Bi Mdogo. Nikadhani ni mwanamke."

Mtu mmoja mwisho wa meza akakohoa kicheko ndani ya ngumi. Mama Mapacha akaendelea, kwa sababu akinyamaza pale asingeweza kuanza tena. "Niliupiga ukurasa picha nikamtumia wifi. Jumapili. Saa imeandikwa. Umeme ulikuwa haujakatika bado. Wifi, toa simu."

Wifi, aliyekuwa mlangoni, akaitoa. Mwenyekiti akaisogeza karibu na macho, akaangalia tarehe, akaangalia ukurasa, akalinganisha na daftari mstari kwa mstari. Kisha, ili iingie kwenye kumbukumbu za kikao, akasoma na maandishi ya chini yake: "'Wifi, ndugu yako ameoa.' Jumapili, saa nne na dakika arobaini asubuhi."

Safari hii walicheka wote, hata karani. Baba Mapacha hakucheka.

"Kwa hiyo Jumamosi namba ziliachwa sawasawa," alisema mwenyekiti. "Nani alizigusa tena kabla ya Jumatatu jioni?"

"Hakuna," alisema Injinia Tai. "Mimi Jumatatu asubuhi nilisawazisha tu mafaili kutoka ofisini."

"Kusawazisha ndiyo nini?"

"Kumbukumbu zilikuwa fujo, mheshimiwa. Nikachukua kila faili nikairudisha kwenye laini yake, ili kompyuta na mitambo vifanane."

"Ukajuaje faili ipi ya laini ipi?"

"Majina. Haya majina yao ya utani, ndiyo wameyaandika kwenye mafaili. Moja Bi Mkubwa, moja Bi Mdogo." Akaanza kupunguza mwendo, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Bi Mkubwa nikaiweka kwenye laini kubwa. Ile nene. Na Bi Mdogo kwenye... ile ndogo."

Feni haikuzunguka. Nje gari lilikuwa linarudi nyuma, piii, piii.

"Kwani Bi Mkubwa ni mnene?" alisema Mama Mapacha. Lilimtoka tu, hakupanga. "Bi Mkubwa ni aliyeanza! Hata awe kama ufito, aliyeanza ndiye Bi Mkubwa. We baba, umekulia wapi?"

"Sijaoa," alisema Injinia Tai.

"Na mama yako nyumbani mnamwita bi mkubwa kwa sababu ya kilo?"

Mwenyekiti aligonga meza, lakini kalamu yake ilikuwa tayari inaandika, na aliandika kwa muda mrefu. Mwishowe Baba Mapacha akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu mkewe aingie.

"Na fomu yangu?" alimwuliza Injinia Tai.

Injinia Tai alikuwa anaitazama kibodi. Swali hilo lilibaki pale mezani, na mpaka leo kuna wanaosema aliipoteza kwa bahati mbaya na wanaosema vingine.

* * *

Walimrudishia kitambulisho ndani ya bahasha. Askari yule yule wa getini akasimama, akasema "Karibu tena, fundi," kama kwamba jana ilikuwa ndoto ya mtu mwingine. Wifi akajidai ana mteja, akatangulia. Mume na mke wakatembea kwenda nyumbani, yeye mbele hatua mbili, mkewe nyuma.

Mtaani habari ilishafika. Mwenye duka akapiga kelele, "Baba Mapacha! Mke mdogo hajambo?" na watu wakacheka kwa wema, wakiwa wamesahau mfuko wa nyama. Mama Mapacha akacheka nao kidogo, kwa matumaini. Mumewe akapita.

Ndani alikaa kwenye kile kiti cha jana. Mkewe akaleta maji, akayaweka mezani, akabaki amesimama.

"Nisamehe," alisema. "Nilisoma vibaya."

"Kusoma vibaya nimekuelewa. Hata injinia kasoma vibaya." Alikuwa anaongea taratibu, akitafuta kila neno. "Jana nilipoingia nikakuuliza. Lilikuwa wapi?"

"Kwenye droo."

"Ya cherehani."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Wote wawili waliliona jibu, pale pembeni ya dirisha, kanyagio limeinama.

"Nilikwambia nimekwisha. Nikakwambia polisi. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ukaendelea kushona."

"Nilidhani unadanganya, Baba Mapacha. Na ulivyo, huongei, mimi ningejuaje? Mwaka mzima huniambii unafanya nini. Mtu anabaki na daftari!"

Hilo nalo lilikuwa kweli, na aliliona linafika. Mumewe alitikisa kichwa kidogo, si kukataa, ni kama mtu anayeweka mzigo upande mwingine wa bega.

"Yule Tai ana miezi minne na mimi," alisema. "Akinidhania mhalifu, sawa, hanijui."

Hakumalizia. Akanywa maji. Mama Mapacha akakaa kitako mkekani, si kwenye cherehani. Huko nje mtu alikuwa anatwanga, na redio ya jirani ilikuwa inatangaza kwamba mgao utaendelea mpaka mafundi watakapokagua namba zote.

Ndipo simu ya Baba Mapacha ikalia mezani. Namba ngeni, haina jina. Macho ya Mama Mapacha yakaruka kwenye kioo cha simu kabla hajayazuia. Yakaruka tu, kama mkono unavyoruka ukigusa moto. Akayarudisha haraka, lakini mumewe alikuwa ameshayaona.

Hakugomba. Aliichukua simu, akamsogezea kwenye kiganja.

"Pokea wewe."

"Ni yako."

"Pokea."

Akapokea. Sauti ya mwanamume, ina haraka, inaomba Baba Mapacha aje kituoni sasa hivi, gari liko njiani, hakuna mwingine wanayemwamini kuweka zile namba. Mama Mapacha akasikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante, akakata.

"Kazini," alisema. "Wanakuhitaji. Gari linakuja."

Baba Mapacha alikuwa ameshasimama. Alitoa kitambulisho kwenye bahasha, akakivaa, akachukua mkoba wa vifaa, na daftari la bluu akalitia ndani, akafunga zipu mpaka mwisho.

"Una uhakika ni kazini?" alimwuliza mkewe.

Hakuwa na hasira usoni. Alimtazama tu kidogo, akingoja, kisha akatoka kusubiri gari barabarani.